Nyama ya Kipa Sherali

Wasikilizaji wapendwa, leo tunakaa kidogo na jina la Hamdam Yoqubov, kocha wa Sharshara, timu yetu ya soka ya hapa bondeni Fargona. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na minane.

Hamdam alipokabidhiwa timu miaka kumi na minane iliyopita, zilibaki mechi tisa msimu uishe. Tisa tu, na Sharshara ilikuwa mkiani. Kocha aliyemtangulia alimweka benchi kila aliyekosea, kwa hiyo wachezaji walikuwa wamejifunza jambo moja: kuurudisha mpira nyuma.

Kipa Sherali aliogopa kuliko wote. Jumapili iliyotangulia, mpira mwepesi ulimpita katikati ya miguu. Alishafunga begi, arudi kwao akalime matikiti.

Siku ya kwanza Hamdam hakugusa mpira. Alipika pilau.

"Pilau bila ushindi?" akauliza nahodha Botir. "Watu watatucheka, mwalimu."

"Wameshatucheka, ndugu yangu. Tule."

Hamdam akaikata nyama iliyokuwa juu ya sinia. Kwa desturi nyama hiyo hupewa anayeheshimiwa zaidi, na wote walijua anayestahili ni nahodha. Akaisukuma mbele ya Sherali.

"Umekosea, mwalimu," Sherali akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyefungisha."

"Najua. Kula. Jumapili unadaka wewe. Ukifungwa, Jumapili ya pili unadaka wewe."

"Mpe na mfupa basi," akasema Botir, "akazibie pale katikati ya miguu."

Wakacheka. Sherali naye akacheka, huku anakula.

Mechi ya Jumapili hiyo walifungwa. Ya pili Sherali alikuwa golini tena, kama alivyoahidiwa. Na mpira ukaanza kwenda mbele. Siku ya mwisho walihitaji sare. Wakaipata, na Sharshara ikabaki ligi kuu.

"Nyumbani hakuwa mpole hivyo," anasema mjane wake, Bibi Mohira. "Ukikata karoti za pilau nene, anakunyang'anya kisu."

Kesho Sharshara inacheza chini ya kocha mpya. Ni Sherali, aliyekuwa msaidizi wa Hamdam. "Naogopa kuliko nilipokuwa kipa," alituambia jana.

Pole sana, Bibi Mohira, wewe na wanao. Nasi tutakaokuwa jukwaani kesho tulifikirie hili. Mchezaji wetu atakosea, hilo halina shaka. Wakati huo tusimzomee. Tumwite kwa jina lake, aombe mpira tena.