Matairi ya Nyuma ya Marehemu

Kijiwe cha Upepo ni benchi moja refu nje ya karakana yake ya matairi. Mguu mmoja ulikatika zamani, ukaegemezwa rimu kuukuu, na anayekaa upande huo hujifunza kutokohoa. Asubuhi hiyo hakuna aliyekohoa upande wowote. Mbele ya wanaume watatu wa benchi hilo, juu ya jeki, lilikaa gari jekundu la mbio, limeinama kama mtu anayesikiliza, na matairi yake ya nyuma yalikuwa kipara hadi nyaya zinachungulia.

Upepo aliyafunga mwenyewe, mapya, wiki tano nyuma, mwenye gari akiwa ndiyo kwanza amezikwa. Mjane alitaka kuliuza. Alilifungia bandani, ufunguo akautia mkobani. Jana mnunuzi kaja, kainama, kacheka, kaondoka. Leo mjane kalirudisha, kamsomea Upepo mita, kilomita kumi na mbili tu tangu yafungwe, kwenda nyumbani na kurudi, kisha kamwambia mbele ya watu: umenibadilishia matairi. Akafunga milango, akaenda sokoni na ufunguo wake. Akirudi atapita polisi au ataenda kwake, itategemea jibu. Na Upepo, miaka kumi na tisa katika kazi hiyo, hakuwa na mtaji mwingine zaidi ya jina lake.

— Kwani tairi la gari kama hili hudumu kilomita ngapi? aliuliza Profesa, aliyepata cheo hicho kwa miwani, si kwa shule.

— Ya nyuma kilomita elfu kumi na tano, ukiwa na adabu, alisema Upepo. Mpira wake laini, ili ushike barabara. Ukikosa adabu, elfu tano.

— Na kumi na mbili?

Upepo alinywa kahawa.

Breki, dereva wa malori aliyestaafu, alisema joto hula mpira. Alipoambiwa banda ni la baridi, akasema hata baridi hula. Profesa akaeleza kwamba gari lenye nguvu za farasi mia tano halifungiki, farasi lazima wapige kwato hata wakiwa wamesimama. Kuzaa si kazi, akaongeza, kazi kulea. Ndipo Breki akashusha sauti, akakumbusha kwamba marehemu, na urefu wake ule, alilitoa kila alfajiri, peke yake, hadi kwenye kona za mlimani na kurudi, na hakumruhusu hata mkewe kulishika.

— Mazoea yana taabu, ndugu zangu. Mtu haachi safari yake kwa kuzikwa tu.

Profesa alisogea mbali na gari, akajifanya anafuata kivuli.

— Si huwa unaandika ndani? Breki alimwambia Upepo. Fungua.

Ndilo alilokuwa akilikwepa tangu asubuhi. Kila tairi, kabla ya kulibana kwenye rimu, Upepo huliandika ndani kwa chaki ya njano, tarehe na kilomita. Chaki isipokuwepo, yeye ni mwizi. Ikiwepo je? Hilo hakutaka kulifikiria.

Alilibandua tairi, akamulika. Chaki ilikuwepo. Tarehe yake, kilomita zake, saba yake iliyopinda.

Breki alimpiga begani, umepona, jamaa yangu. Upepo aliendelea kumulika.

Mjane aliporudi alionyeshwa. Aliigusa chaki kwa kidole.

— Nisamehe, baba, alisema. Nimekuvunjia heshima.

Upepo alilirudisha gurudumu, akashusha jeki. Mjane alitoa ufunguo mkobani, akafungua mlango, akaketi. Ni mwanamke mfupi, tena sana, na asubuhi alikuwa ameendesha kifua kikigusa usukani. Sasa miguu yake ilining'inia, mbali kabisa na pedeli.

Alichungulia nje, akawatazama wanaume watatu ambao hawakubanduka pale tangu alipoondoka.

— Nani amekirudisha kiti nyuma?

Upepo alimtazama Breki, Breki akamtazama Profesa, na Profesa akasogea tena mbali na gari, safari hii bila kujifanya anafuata kivuli.