Mpweke ni Nani?

Benchi la kijiweni lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na aliyekalia upande wa tofali jioni hiyo ni Sindano, fundi cherehani, roho ikimuuma kwa wivu. Wa kulaumiwa ni Waya, fundi kompyuta wa ofisi ambako mke wa Sindano anafanya kazi masjala. Kahawa ya kwanza tu, ulimi ulimteleza.

— Ule mfumo wetu mkongwe, jamani, aibu tupu! Mtu akiandika paswedi yake inapita kwenye mtandao wazi wazi, kama barua isiyo na bahasha. Jana natafuta hitilafu, nikaziona zote. Hata ya shemeji: mpweke2009.

Sindano akaweka kikombe chini.

— Mpweke? Mpweke gani?

— Mimi nimeona neno, sikuona mtu.

— Miaka yote hii nyumba moja, kitanda kimoja, mimi sijaijua. Wewe umeijua kwa kuchungulia nyaya!

Kamusi, mwalimu mstaafu mwenye jibu la kila kitu, akakohoa.

— Mpweke ni mtu asiye na mwenzi. Ofisini kwao nani hana mke?

— Mlinzi wa getini, akasema Waya. Ila ana miaka sitini na nane.

— Ndio wabaya hao! Kamusi akadakia. Wana muda.

— Na bosi, alifiwa na mkewe mwaka juzi.

— Ehee!

Sindano akapiga hesabu. Kumbe kila asubuhi, kabla hajagusa faili hata moja, vidole vya mkewe vinaanza na jina la mwanaume mwingine!

— Au, akasema Kamusi, hiyo elfu mbili na tisa si mwaka. Ni chama. Wapweke elfu mbili na tisa, na shemeji ndiye katibu wao.

— Basi! Sindano akaruka juu. Kesho sifungui duka. Naenda kumuuliza mbele ya bosi wake: Mpweke ni nani? Akishindwa kujibu, arudi kwao!

— Mpweke ni wewe.

Mkewe alikuwa nyuma yake, mkoba wa kazi begani.

— Barua zako zote za uchumba ulizimalizia hivyo: “Ni mimi, Mpweke wako.” Ya kwanza uliniandikia mwaka elfu mbili na tisa. Umesahau?

Sindano akakaa, benchi likayumba. Akazikumbuka zile barua, na jinsi alivyokuwa akizinakili mara tatu tatu ili mwandiko upendeze. Aliona haya mpaka masikio.

— Mimi barua zile sijamwonyesha mtu, mkewe akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imebadilika. Neno hilo tunalijua wawili tu. Hawa wenzako wamelijuaje?

Sindano akamgeukia Waya. Waya akazama kwenye kikombe chake, ambacho kahawa yake ilishakwisha zamani. Kamusi akaanza kutafuta viatu vyake chini ya benchi.

— Nauliza tu, mume wangu.