Chumba cha Juu ni cha Jessie

Niinueni kidogo, wanangu, mnisikilize nikiwa bado na sauti. Senga, kaa hapa karibu. Dougal, hiyo simu itie mfukoni. Nyumba hii ya Broughty Ferry nawaachia nyinyi wawili, sawa kwa sawa, na najua, Dougal, umeshampata mnunuzi. Sikukasirikii. Ila chumba cha juu kinachotazama mto Tay ni cha Jessie mpaka atakapokiacha mwenyewe, na sababu yake nimeificha miaka hamsini kwa aibu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikifuma magunia kiwandani Dundee pamoja na mama yangu. Mashine zilivuma hata aliyekupigia kelele sikioni usimsikie, kwa hiyo sisi wanawake tulizungumza kwa midomo tu, bila sauti, kutoka pembe hii ya kiwanda hadi ile: nani kaposwa, nani ana mimba, msimamizi anakuja. Nilipojiunga na kikundi cha maigizo kilichozunguka kumbi za vijiji vya kaskazini mwa Uskoti, niliyafukia yote hayo, nikajifunza kusema kama binti wa daktari.

Mwigizaji wetu mkuu alikuwa huyu huyu Jessie Auchterlonie. Alipofika miaka arobaini na mitatu mwongozaji akamwona mzee, akamnyang'anya nafasi ya mjane, mhusika mkuu wa mchezo wetu, akanipa mimi, na yeye akafanywa kijakazi wa kubeba sinia. Mimi sikukataa, wanangu. Nilipokea huku nacheka, nikasema mbele ya wenzetu kwamba sinia linampendeza. Miezi mitatu hakunisemesha.

Kisha tukiwa Oban, Jumamosi mchana, saa moja kabla ya onyesho, ikaja simu kwamba mama amefariki. Nikasema nitaigiza hivyo hivyo. Nikaingia jukwaani, ukumbi umejaa, nikafungua kinywa, neno hamna. Hata moja. Watu wakaanza kukohoa. Ndipo nikamwona Jessie na sinia lake, ameupa ukumbi mgongo, midomo yake inakwenda. Alikuwa akinipa maneno ya mjane, sentensi baada ya sentensi, vile vile kama wanawake wa kiwandani, nami nikayasoma na kuyasema mpaka pazia likashuka.

Nikamfuata nyuma ya jukwaa nikamuuliza kusema kwa midomo vile alijifunzia wapi. Akanijibu kwa lafudhi ya mitaa yetu, ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, "Nimefuma magunia miaka tisa, bibie. Mama'ko alikuwa mashine ya tatu kutoka yangu. Sasa futa uso, twende tukamzike."

Akaja. Akasimama nami kaburini, mvua inanyesha, kiatu chake kimoja kimetoboka.

Mengine mnayajua: London, filamu, na yule mama wa posta niliyemwigiza kwenye televisheni miaka kumi na miwili, hata leo muuza nyama ananiita kwa jina lake. Nashukuru kwa yote; nimekula vizuri, nimependwa na watu nisiowajua. Lakini yote yalipitia mlango alionishikia mwanamke niliyemdhihaki, na yeye hakupata tena nafasi kubwa. Nilipomwomba msamaha alisema amesahau. Hajasahau. Ana moyo mkubwa tu.

Senga, vitabu vyangu vya maigizo ni vyako. Dougal, chukua saa ya baba yako. Jessie ana miaka tisini na mitano. Uji wake utieni chumvi, si sukari, na pai mkimletea iwe ya moto. Msimpeleke nyumba ya wazee. Dougal, usiitikie kwa kichwa, mwanangu. Sema.

Haya. Nimekusikia. Ahsante.

Mungu awape kazi mtakayoiamkia kwa hamu... na wa kula naye jioni. Mmenifaa, wote wawili. Nimechoka sasa. Senga, kamwite Jessie ashuke... taratibu, ngazi zile ni kali... mshike mkono.