Nyasi za Vihtori: Maisha ya Mchoraji Eemeli Tarvonen

Kwa jina lake Mungu, aliyeiita nuru ikaja, akaitazama, akaona kuwa ni njema, na kwa idhini ya mjane na watoto, tunawasomea, enyi jamaa na majirani, safari ya mpendwa wetu Eemeli Tarvonen, mwana wa Taavetti, mpangaji wa shamba hapa Honkasalmi katika nchi ya Savo, na wa Kaisa binti wa mhunzi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1861, akafundishwa kusoma na karani wa kanisa, akaingia shule ya uchoraji Helsinki mwaka 1881, akahitimu 1884, akarudi kuchora mashamba na anga la kwao, na tarehe 24 Juni 1888 akafunga ndoa na Hilja, wakajaliwa Lempi na Toivo.

Agosti 1890 alichora konde la jirani yake Vihtori Laukkanen, ambaye bega lake lilikuwa limevunjwa na gogo mtoni, hata nguzo alizozitundikia nyasi zikauke ziliegemea kushoto zote, kama waumini waliosinzia ibadani, naye Vihtori alipoiona picha akasema, "Bwana Eemeli, zinyooshe basi, watu wa Helsinki watadhani nilikuwa nimelewa," marehemu akamjibu, "Kwani hukulewa?"

Majaji wa tuzo ya sanaa huko Helsinki waliisifu, ila wakataka nguzo zinyooshwe ndipo wamgharamie masomo ya Paris, safari aliyoitamani tangu ujanani, naye akakubali, na asubuhi moja ya Desemba, siku chache baada ya Vihtori kuzama penye barafu nyembamba, alikuwa amekwisha kuinyoosha nguzo ya kwanza, ndipo Loviisa, mjane wa Vihtori, akaingia kumwomba Hilja shuka ya sanda, akasimama mbele ya picha, akaipitia nguzo kwa nguzo, kisha akaielekezea ile moja kidole, akauliza, "Hii kaitundika nani? Hizi nyingine ni za mume wangu."

Marehemu aliikwangua rangi ile kabla Loviisa hajafika kwake, akairudisha nguzo katika mwinamo wake, akampa mjane picha siku ya mazishi, na Paris hakwenda, bali alifundisha kuchora shuleni Kuopio hadi 1921, huku picha zake watu wa Savo wakiziingia kama waingiavyo nyumbani, wakibishana lango fulani lililong'oka bawaba ni la nani.

Alianza kuugua kifua Februari 1923, na Hilja alipomuuliza kama anajutia kutokwenda Paris, alisema, "Ningekwenda, mama Lempi, ningerudi ninajua kunyoosha tu," akafariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Novemba.

Tunamshukuru daktari aliyekuja kwa kigari cha farasi, hata kwenye theluji, kila alipoitwa, walimu wenzake, majirani waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda, na Bi Loviisa, aliyemkeshea kama ndugu.

Lala kwa amani, Eemeli, katika nchi uliyoitazama bila kuisahihisha, nanyi mliosikiliza, Mola awajalie macho ya kuwaona wenu wangali hai, awafikishe majumbani salama. Amina.