Mama Povu na Toroli la Wodi ya Wazazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, msimamizi wetu, anayejulikana ghorofa zote kwa jina la Mama Povu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Tangazo lilipobandikwa ubaoni tulipigwa na butwaa. Wengine wetu tulidhani mtu kama huyu hastaafu, kama vile ukuta haustaafu.

Alianza kama mfuaji wa kawaida, enzi za kukamua kwa mikono, akapanda hadi kusimamia kitengo kizima. Ndiye aliyepigania mashine kubwa tulizonazo. Ndiye pia aliyetumbukiza koti la daktari mashineni bila kupekua mifuko, kalamu ikapasuka, na wodi nzima ya wanaume ikalalia mashuka ya buluu kwa wiki. Alipoitwa kujieleza, alimwambia matroni kwamba wagonjwa wameonjeshwa mbingu mapema. Matroni hakucheka. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kila anayefika kwetu asubuhi anaijua sala ya maji. Mashine ya kwanza ikifunguliwa maji, kabla haijaanza kuzunguka na kutuziba masikio, Mama Povu huongoza sala. Ikianza kuzunguka, amina. Fundi wa boila peke yake hakuwahi kuingia. Alisimama mlangoni na sigara yake, akidai anamlinda shetani asitoroke.

Halafu ikaja ile asubuhi, miaka sita iliyopita. Toroli la wodi ya wazazi lilishuka kama kawaida, na Mama Povu akapakia mashuka yenye damu nyingi huku akitusimulia kwamba bintiye yuko huko juu, na kwamba kabla ya jioni yeye ataitwa bibi. Mashine ilikuwa bado inazunguka matroni alipoingia. Mtoto alikuwa mzima. Mama yake alikuwa ameaga dunia. Yale mashuka yalikuwa yake. 

Baada ya mazishi alirudi kazini, lakini saa ya sala alijificha nyuma ya mashine ya kukaushia, akikunja taulo. Hakuna aliyethubutu kushika nafasi yake. Mimi, ninayepiga pasi jirani naye, nilimuuliza. Akanijibu, "Nikifumba macho naliona shuka tu, mdogo wangu. Nimwambie nini Mungu?" Mtu aliyetuombea sote alikuwa anazama mbele ya macho yetu.

Ndipo fundi wa boila alipotuacha hoi. Aliingia ndani, akavua kofia, akafunga koki ya maji mashine ikiwa nusu, akasema, "Leo hii haizunguki mpaka tuombe." Akaanza Sala ya Bwana kwa sauti ya mtu anayekwangua ukoko. Alipofika pale pa kukubali mapenzi ya Mungu yatimizwe, akakwama. Yeye alikuwa amesahau. Sisi tuliyakumbuka vizuri maneno hayo, ila hakuna aliyekuwa na uso wa kuyatamka mbele ya mama yule. Kisha tukayasikia kutoka nyuma ya mashine ya kukaushia, yakikatikakatika kwa kilio, naye akaendelea mpaka amina. Fundi alilia kuliko sisi sote.

Mama Povu alituambia baadaye kwamba jibu la kwa nini hakulipata, na mpaka leo hana. Alipata pa kuegemea tu, akawa anaegemea hapo kila siku.

Tangu wakati huo toroli la wodi ya wazazi tulilipokea sisi wengine kabla hajaliona. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana, ilitokea tu. Tuliamini hajui. Jumanne wiki hii alilifuata mwenyewe kwenye lifti, akalisukuma hadi mashine ya kwanza, akapakia shuka moja baada ya jingine, na kwa kila shuka akamwombea mama aliyelilalia. Kisha akatugeukia sisi tuliosimama vinywa wazi, akatushukuru kwa miaka yote tuliyomfichia.

Mama Povu, asante. Nenda ukamlee mjukuu wako, uwe na afya na usingizi wa kutosha, na Bwana akae nawe nyumbani kama alivyokaa nawe huku chini kwetu.