Bi Hodi na Kochi Lililopanda Ngazi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Utafiti wa Kaya katika ofisi yetu atakabidhi ufunguo wa kabati lake na kwenda nyumbani kupumzika. Cheo chake kimeandikwa kirefu mlangoni, lakini hakuna anayekitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, sote tunamwita Bi Hodi. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa mistari hii aeleze maisha yake ya kazi kwa ufupi. Mwandishi ameahidi ufupi, kama anavyoahidi katika kila kikao, na wanaomfahamu tayari wamevuta viti wakakaa.

Jina lilianza mapema. Alipoajiriwa alikuwa mdadisi wa mitaani, yaani mtu wa kugonga milango na kuuliza watu wanaishi vipi. Wenzake walikuwa na mtindo wa kupiga hodi wakiwa wameshafika sebuleni. Yeye alisimama nje. Mlango ungekuwa wazi, watoto wangemvuta sketi, mbwa angemlamba viatu. Bila kukaribishwa haingii. Wakubwa walilalamika kuwa anachelewesha kazi, kisha wakagundua kuwa watu wa mitaani wanamtaka yeye tu, wakampa wadadisi wote awafundishe adabu. Ndipo akaanzisha utaratibu wa tangazo: kila jengo libandikiwe karatasi mlangoni mapema, ieleze tutakuja lini na tutaanza na nyumba ipi, ili wenye nyumba wajiandae. Ofisi nzima ilimsifu. Utaratibu huohuo nusura ufunge kituo cha watoto, na jinsi alivyokipigania ndiyo habari ambayo mwandishi anataka kuisimulia. Vyeti vyake vimebandikwa ukutani pale nyuma. Mtavisoma wenyewe mkienda kuchukua soda.

Wakati huo baraza la mji lilikuwa limetupa kazi ya kulinganisha hali za maisha za jamii mbili za wahamiaji zilizofika hapa karibu kipindi kimoja. Wa kwanza walitoka ng'ambo ya ziwa, nasi tukawaita watu wa ziwani. Walipanga nyuma ya karakana ya reli, kwenye majengo ya ghorofa nne yenye ngazi nyembamba ambazo mwandishi hadi leo akizikumbuka magoti yanamuuma. Wanawake wao wengi walifagia maofisi alfajiri. Wa pili walikuwa watu wa milimani, waliopanga jirani na soko la jumla na kuuza vipuri vya magari. Baraza lilikuwa na ruzuku ya kituo kimoja tu cha watoto, na kituo kilikuwepo tayari: vyumba viwili chini ya jengo la watu wa ziwani, ambako akina mama waliwaacha watoto wao wadogo na kukimbilia kazini. Swali la baraza lilikuwa fupi. Ni jamii ipi yenye hali ngumu zaidi? Itakayoonekana duni ndiyo itakayopewa ruzuku, nyingine ijitegemee.

Matangazo yakabandikwa, wadadisi wakazunguka. Kwa watu wa ziwani, karibu kila sebule ilikuwa na kochi kubwa la kijani, televisheni na friji ndefu. Kwa watu wa milimani tulikuta mikeka, vikombe visivyo na mikono, na hapa na pale meza iliyofunikwa shuka, juu yake maua ya plastiki. Takwimu hazikuacha shaka. Bi Hodi akaandika ripoti: watu wa ziwani wamejikwamua, ruzuku ihamie kwa watu wa milimani. Ripoti ikapigwa chapa na kutiwa jalada la rangi. Mkurugenzi wa wakati ule akashonesha suti mpya ya siku ya kuiwasilisha. Kiti cha mkuu wa idara nacho kilikuwa wazi, na hata wahudumu wa chai walijua nani atakikalia.

Lakini Bi Hodi ana tabia moja ambayo wengi wetu tuliiona kama kupoteza muda: kazi ikiisha, hurudi mitaani kuwashukuru watu. Alituma taarifa kama kawaida yake, akapanda ghorofa ya tatu kwa bibi mmoja wa watu wa ziwani, akakaribishwa kwenye kochi la kijani. Alipokaa tu, springi ikamchoma paja. Aliruka. Kilichomshtua zaidi ya maumivu ni kwamba yeye na springi ile walikuwa wanajuana. Ilikuwa imemchoma vilevile, paja lilelile, siku alipokagua kazi ya wadadisi kwenye ghorofa ya kwanza.

Bibi akamwonea huruma. "Jisogeze kulia, mwanangu, huko halichomi," akasema. "Mwenyewe kila siku anasema atalishona, hana nafasi."

Mwenyewe nani? Bi Hodi akauliza. Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni wakaziba midomo kwa viganja. Hatimaye mshonaji wa ghorofa ya kwanza, ambaye alfajiri hufagia ofisi kama wenzake, na aliyekuwa amesimama pale na sinia la chai, akasalimu amri. "Ni langu, wifi. Limepanda ngazi hizi mpaka sasa linajua njia lenyewe."

Wakamweleza bila kificho. Kwao mgeni wa ofisi hakalishwi kwenye ndoo. Nyumba moja ikimkalisha kwenye ndoo, ngazi nzima inaona haya. Karatasi yake ya tangazo ilikuwa imewafaa kweli kweli, maana walijua wadadisi wanaanzia wapi na wanaelekea wapi, na wanaume wakabeba vitu hatua moja mbele yao: kochi, televisheni, hata friji. Friji hasa haikuwasumbua kwa sababu ilitolewa mashine zamani, ikabaki kabati la nguo la mjukuu. Bi Hodi alicheka hadi akatoa kitambaa kufuta macho. Wote walicheka. Kisha akawaambia ripoti yake imesema nini juu yao na juu ya kituo.

Kicheko kilikatika. Mshonaji akaweka sinia chini. "Sisi tumekukaribisha mgeni, wewe umetuhesabia kochi? Sasa kituo kikifungwa, wifi, mtoto nitamfunga mgongoni nikifagia ofisi za watu? Watanitaka?"

Bi Hodi aliinuka, akaaga. Alishuka ngazi moja kwa moja hadi kwa watu wa milimani, safari hii bila tangazo lolote. Alipiga hodi kwa muuza vipuri mmoja ambaye tulimwandika miongoni mwa wasio na kitu, akasubiri nje, akakaribishwa. Maua ya plastiki yalikuwa kando. Shuka lilikuwa limekunjwa. Ile meza ilikuwa ikinguruma, na mke wa muuza vipuri alikuwa akitoa maziwa baridi ndani yake.

Muuza vipuri hakujaribu kusema uongo. Alikuna kichwa tu. "Shangazi, kule kwetu akija mtu wa serikali kuhesabu mbuzi, kesho yake mbuzi wamepungua. Sasa friji ni mbuzi vilevile, ila hii haili majani."

Basi hali ikawa hiyo. Jamii moja ilikuwa imetuonyesha isichokuwa nacho kwa heshima, nyingine imetuficha ilicho nacho kwa woga, na zote mbili zilipata nafasi ya kufanya hivyo kwa sababu ya utaratibu tuliousifu. Ripoti ilikuwa kwenye maboksi, jalada linang'aa. Baraza lilikuwa linakutana kesho yake asubuhi.

Mwandishi wa mistari hii alikuwepo ukumbini, akiendesha mashine ya kuonyesha picha ukutani, kazi aliyopewa kwa kuwa haikuhitaji kuongea. Picha ya kwanza ilitokea kichwa chini. Alipokuwa akihangaika nayo, Bi Hodi alisimama, akamwambia aizime tu. "Waheshimiwa," akasema, "ripoti hii ni yangu, na haifai. Hakuna aliyenidanganya kwa ubaya. Nimepima utajiri wa jengo zima kwa kochi moja, na kochi lenyewe limetoboka." Akawaeleza yote, springi na mbuzi. Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata katibu wa baraza, ambaye tulidhani amezaliwa amenuna, alificha uso nyuma ya faili. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa amevaa suti mpya.

Diwani mmoja akauliza swali ambalo lilikuwa halijajibiwa. Basi ni nani mwenye hali mbaya zaidi? "Sijui bado, mheshimiwa," akajibu. "Ila msifunge kituo kwa jambo ambalo mimi mwenyewe silijui." Walinong'onezana, wakaahirisha uamuzi hadi kikao kijacho. Nje, kwenye korido, Mkurugenzi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kile kiti cha mkuu wa idara asikifikirie tena. Hakutania. Kiti alipewa mwandishi wa mistari hii, kikamkaa kama koti la kaka mkubwa. Kwa miaka aliyokikalia, kila faili gumu lilitoka mezani kwake, likavuka chumba, likaenda kwa Bi Hodi, likarudi limejibiwa. Yeye hakuwahi kununa. Alichofanya ni kumwita mwandishi "bosi" mbele ya wageni, kwa heshima iliyozidi kiasi, mpaka mwandishi akawa anatamani kujificha chini ya meza.

Kazi ya pili aliifanya tofauti. Tangazo lilibaki, kwa sababu adabu ni adabu, lakini hakukaa tena sebuleni. Aliomba kukaa jikoni, ambako kochi halipiti mlangoni. Hakuuliza una nini. Aliuliza mtoto alipougua mara ya mwisho wengine uliwaachia nani, kazi uliyo nayo umedumu nayo kwa muda gani, na ukikwama unagonga mlango wa nani. Kwa watu wa milimani alianza kwa kueleza majibu yao yanakwenda wapi na hayaendi wapi, na alimruhusu muuza vipuri kumhoji yeye kwanza. Aliulizwa mshahara wake, akautaja. Mke wa muuza vipuri akamwonea huruma, akamwongezea maziwa.

Majibu yakatushangaza. Watu wa milimani walikuwa na vitu vingi zaidi, lakini kila nyumba ilisimama peke yake. Baba akiugua duka linafungwa, kwa kuwa mama yuko ndani na watoto na hana wa kumwachia. Watu wa ziwani walipata kidogo, ila walipata kila mwezi bila kukosa, na ukifuatilia nyuma kwa nini, unaishia kwenye vile vyumba viwili vya chini. Bila kituo, wafagiaji wangebaki nyumbani, na ngazi nzima ingeanguka pamoja. Bi Hodi aliandika kwamba kila jamii ina hali ngumu ya aina yake, na kwamba dawa ni ileile: kituo kibaki, kiongezewe chumba cha tatu, watoto wa milimani waingie.

Baraza lilikubali. Waliokataa ni wenyewe. Watu wa ziwani walisema hawawezi kuchanganya watoto wao na watoto wa matajiri wanaolaza friji chini ya shuka. Watu wa milimani walisema hawapeleki watoto kwa watu wenye maringo ya kochi la kuazima. Bi Hodi aliwaita akina mama wa pande zote chumba cha tatu, kikiwa hakijapakwa rangi hata upande mmoja, akawapa brashi. Saa mbili za kwanza walibishana juu ya rangi. Baadaye wakabishana juu ya nani amepaka vibaya. Jioni mshonaji alikuwa akimpimia mke wa muuza vipuri gauni, na kila mmoja wao amepakwa bluu puani. Chumba kilifunguliwa, na hakijafungwa hadi leo.

Miaka ikapita, Mkurugenzi mwingine akaja, na Bi Hodi akapata kiti chake, mwandishi akipumua kwa furaha kuliko yeye. Mwaka huu alisimamia utafiti wake wa mwisho: jamii zilezile, swali lilelile la baraza. Wiki mbili zilizopita wadadisi walirudi ofisini wamechanganyikiwa. Kila walipogonga, dodoso lilikwama kwenye swali la kwanza, linalotaka mtu aseme ni wa ziwani au wa milimani. Nyumba moja mume alisema hili, mke akasema lile, na mtoto akauliza kwani tofauti ni nini. Wale waliokuwa wakinyang'anyana vikombe katika chumba cha tatu wamekua, wameoana, wamepanga pamoja, na sasa hawaingii kwenye safu yoyote ya jedwali letu. Mtaalamu wetu wa takwimu, kaka yetu mpole, alikaribia kulia. Alimfuata Bi Hodi na kumuuliza hawa watu wawekwe upande upi, maana ulinganisho wote umevurugika.

Bi Hodi aliliangalia jedwali lililovurugika, akitabasamu peke yake. Kisha akachukua kalamu, akakata safu mbili kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: *wa hapa*.

Kwa niaba ya ofisi nzima, tunamshukuru kwa yote aliyotufundisha, na tunamshukuru mumewe, fundi saa, kwa kutuazima mkewe miaka yote hii bila kulalamika sana. Dada yetu, kapumzike. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu, afya yako iwe njema, chai yako isipoe, na kila unapokaa pakukae vizuri.