Mzee Hiram Ngige, Mshika Funguo za Ghala

Mzee Hiram Ngige alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 huko Nyeri, mtoto wa tatu wa marehemu Mbogo na marehemu Gladwell. Mwaka wa 1965 wazazi wake walihamia Trans-Nzoia, wakapata shamba hapa nje ya mji wa Kitale. Alisoma hadi darasa la saba, karo ikakosekana. Alitamani kuwa dereva wa malori, aione Mombasa. Hakuiona.

Mwaka wa 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Rahab. Walilima na kuuza mahindi.

Mwaka wa 2016 alilitoa ghala lake la uani litumiwe na benki ya chakula ya eneo letu. Wakulima huleta ziada ya mavuno, na kila Alhamisi mashirika yanayolisha wenye njaa, kutoka Kitale, Tongaren hadi Bungoma, huja kuchukua mgao. Sheria ni moja: chakula hupewa mashirika pekee, hakitolewi kwa mtu mmoja mmoja. Baba alishika funguo, na tangu siku hiyo hadi alipougua hakulala tena nje ya boma hili. Sisi pia alitufunga kwa sheria hiyo. Jirani akija na njaa, tulijificha ndani kwa aibu.

Mvua ilipokosekana mwaka wa 2022, jirani yetu Wekoye alisimama langoni. "Mzee, si unipimie tu gorogoro moja ya mahindi bana. Watoto wamelala njaa."

"Nikikupimia wewe, kesho kijiji kizima kiko hapa, na watoto wa Bungoma watakosa," Baba alimjibu. Kisha akampakia kwenye pikipiki, akampeleka mjini kwa Bi. Hibo, msimamizi wa jiko la msikiti linalolisha wahitaji kwa mgao wa ghala hili. Mwaka uliofuata ugonjwa wa mahindi ulimaliza shamba letu, na Baba akapanga foleni kwenye jiko hilohilo, sahani mkononi, nyuma ya Wekoye.

"Ati hata wewe, Mzee?" Wekoye alimuuliza, akampisha mbele.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024. Alilazwa hospitalini Bungoma, na huko ndiko alikoaga dunia Jumapili, tarehe 15 Juni 2025. Neno lake la mwisho kwangu, Gladwell, kifungua mimba wake, lilikuwa hili: "Hata siku ya kunizika, usiwafungulie watu lile ghala."

Nilimkasirikia, na sioni haya kusema. Matibabu yalikuwa yamemaliza kila kitu, na kwetu mwombolezaji harudi kwake na njaa. Magunia yamejaa hatua chache kutoka kwa jeneza, funguo ninazo mimi, na sikuwa na la kuwapikia waombolezaji.

Jana, Alhamisi, Bi. Hibo alikuja kuchukua mgao wake kama kawaida. Alipakia, akatoka langoni, gari likageuka barabarani, likaingia tena.

"Watu wangu wote wa foleni wako hapa matangani," alisema. "Sasa niwapikie wapi?"

Githeri ya mahindi na maharagwe inayonukia nyuma ya hema ni yake. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Baba ameacha mjane, Rahab; watoto Gladwell, Mbogo na Mary Ann; wajukuu saba; na jirani yake, Wekoye.

Tukishamzika, kuleni mshibe. Baba, ghala nimelifunga. Sasa lala kwa amani.